Bibi Amekaa Tu

Babu, mshindani wangu,

Mke wetu hajambo. Huku ugenini kwa shangazi nimemnenepesha, kazi iliyokushinda wewe miaka arobaini. Shule ilinikataa, lakini lugha ya hapa naimwaga kama maji, ndiyo maana nampeleka Bibi darasani mimi.

Jana mwalimu alimuuliza anaishi wapi. Bibi akajibu kwa lugha yao, "Nimekaa hapa." Sisi tunakaa kitini na tunakaa mjini, kwao kukaa ni makalio tu. Darasa zima likacheka! Mwalimu akamwambia, "Sema, naishi hapa." Bibi akagoma mara tatu.

Njiani nikamtania, "Mke wangu, neno moja tu limekushinda?"

"Halijanishinda, wewe mume wa bure. Hapa nimekaa. Ninapoishi babu yako anapajua."

Shangazi anasema umeacha kupokea simu tangu usikie Bibi anasoma lugha, eti ndiyo basi, harudi tena. Acha kununa, Babu. Anaisoma ili yeye mwenyewe amuulize daktari anayemtibu macho huku, kwa mdomo wake, atamruhusu lini arudi nyumbani.

Jumapili pokea simu. Mkeo amekaa, anakusubiri.

Mjukuu wako, mume wake mdogo