Bati la Opoka

Luzira, Kampala
9 Machi 2014

Mama Anena, dada yangu,

Habari za huko Kitgum? Mmefika salama, mmezika salama? Anena na wadogo zake wanakula? Sisi huku ni wazima, Darlène wangu anakohoa kidogo tu. Kanisani nawataja kila Jumapili, wewe na marehemu mumeo Opoka, mpaka mchungaji ameniambia, "Séraphine, punguza, na wengine wanataka kuomba."

Simu yako haipatikani. Kaltumi anakuja huko kununua simsim ya kuuza soko la Owino, ndiyo maana nampa barua hii.

Mvua imefika, dada! Ilipiga bati la nyumba yako mpaka hatukusikizana. Maji ya kwanza tuliyaacha yamwagike na vumbi lake, kama ulivyotufundisha, halafu tukaunganisha mfereji wa paa, na tangi likajaa hadi juu. Jua liliporudi, sola ikaiamsha pampu, maji yakapanda mpaka vitalu vya juu kabisa kule mteremkoni. Mboga zimeota, lengalenga na nakati, na yale maharage uliyotuachia mbegu. Wake wa askari na sisi wakimbizi wa Kongo tunapalilia pamoja, tunatia samadi na majivu, dawa ya duka hatuigusi. Benedicte bado anapanda karibu karibu. Nimemgombeza kwa niaba yako.

Lakini kuna neno. Afande anayesimamia nyumba za kambi ya polisi alipita. Anasema mjane anapewa mpaka mwisho wa Agosti, kisha nyumba inakwenda kwa askari mwingine. Tangi liko kwenye uwanja wa wote, lakini bati ni la nyumba yako. Nyumba ikienda, maji tutayatoa wapi? Rudi upesi tuongee nao. Wewe wanakusikiliza. Mimi nikifungua mdomo tu, wananiuliza karatasi za ukimbizi.

Dada yako,
Mama Darlène


Kitgum
20 Aprili 2014

Mama Darlène, dada,

Salamu zako zimefika, na mbegu ulizompa Kaltumi pia. Tuko hai. Macho yangu yamezidi ukungu, kwa hiyo Anena ndiye anayenisomea barua, na ndiye anayeandika haya ninayosema. Anakusalimu. Anasema nisiongee sana, mkono unamuuma.

Opoka tumemlaza karibu na baba yake. Ndugu zake wananitazama kama mgeni aliyesahau kuaga. Sehemu ya kulima wamenipa, mawe matupu. Nalima hivyo hivyo.

Nyumba si yangu, Séraphine. Ilikuwa ya kazi ya Opoka, na kazi hiyo ilinirudishia mume ndani ya sanduku, siku gari lile la doria lilipopinduka naye. Siendi kumpigia mtu magoti kwa ajili ya kuta zile. Tafuteni bati lingine. Kampala imekosa mabati?

Habari njema ninayo moja. Anena amepata nafasi ya kusomea uuguzi, anaanza Agosti. Jana amemfunga mbuzi bendeji mguuni, mbuzi akaila yote. Nilicheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Mwambie Benedicte aache nafasi kati ya mche na mche. Nimesema mpaka nimechoka!

Dada yako,
Florence Aloyo


Luzira
8 Juni 2014

Mama Anena wangu,

Mnaendeleaje huko? Macho je, umemwona daktari? Huku afya ipo, amani ndiyo hakuna.

Bati tumelitafuta, dada, mpaka soli za viatu zimeisha. Kanisa letu lenyewe tunasalia chini ya turubai. Shuleni wanasema maji ya paa lao hayawatoshi watoto. Wenye nyumba za ziwani wanatuzungumzisha kupitia tundu la geti. Mvua imekatika, na kila tukilipima tangi maji yamerudi chini. Vitalu vya juu vimenyauka. Wewe unajua Benedicte hana kingine, ni shamba lile na Mungu. Hawa wanawake watakula nini?

Sasa nisikilize kwa upole. Nimerudi kwa yule afande. Anasema mtoto wa marehemu akiingia polisi, nyumba inaweza kubaki kwa familia. Wanaandikisha Julai, hata huko kwenu. Simlazimishi mtu, nasema tu nilichosikia. Uuguzi hauendi popote, na polisi nao wana zahanati, mtu anaweza kuuguza akiwa na sare. Anena ana moyo mkubwa, alituchotea maji tangu mdogo. Kila mwanamke hapa anamwita binti yake.

Fikirini.

Dada yako,
Mama Darlène


Luzira
20 Julai 2014

Dada Florence,

U mzima? Kaltumi amerudi na simsim, hana barua. Anasema ile yangu alimkabidhi Anena mkononi. Nimemuuliza, "Walisemaje?" Akaanza kunihesabia magunia yake.

Kama nimekukosea, nitukane, nitavumilia. Usininyamazie tu.

Mama Darlène


Kitgum
17 Agosti 2014

Séraphine,

Huu ni mwandiko wa katekista Saverio. Wa Anena hutauona tena kwenye barua zangu.

Barua yako aliisoma kwa sauti, mimi nimekaa napepeta simsim. Alipofika kwenye habari ya polisi hakusita, alisoma mpaka mwisho, akaikunja, akasema, "Mama Darlène anakusalimu." Nikamwambia hiyo haina jibu. Nikadhani yameisha. Julai akaniaga kwamba anakwenda kuiona shule ya uuguzi, kumbe amekwenda uwanjani kupanga foleni na vijana wenzake. Wakampima urefu, wakamkagua meno, wakamchukua. Sasa yuko mafunzoni, anakimbia na bunduki ya mbao.

Kabla hawajampakia kwenye lori nilimfuata, nikamlilia mbele za watu. Akaniambia, "Mama, wale wanawake watakula nini?" Hayo ni maneno yako, Séraphine, yametoka kinywani mwa mtoto wangu.

Ulijua nani ananisomea. Nilikuambia mwenyewe. Ungetaka kuniomba mimi, ungepanda basi uje uniombe mimi. Wewe ulimwomba yeye, na mimi nimekaa hapo hapo na ungo wangu.

Haya, bati mmepata. Mwagilieni.

Florence Aloyo


Luzira
15 Februari 2015

Dada yangu Florence,

Sijui kama Saverio anakusomea. Barua mbili nilizokutumia baada ya ile yako hukuzijibu. Natumaini mnaamka salama, wewe na watoto.

Nilijua, nisikudanganye. Nilipokuwa naandika nilimwona Anena kabisa, ameinama juu ya karatasi. Lakini watoto wa Benedicte walikuwa wanakula mara moja kwa siku, nikawatazama hao, wako sikumtazama. Nisamehe ukiweza.

Nyumba imefungwa kufuli, wanasema inamngoja Anena amalize mafunzo. Mfereji haujaguswa. Kiangazi hiki ndicho cha kwanza tangi halikukauka. Tunakula, tunauza sokoni, miche tunawapa hata majirani. Wenzangu wanaimba wakimwagilia, na mimi naitikia ili wasiniulize. Nikirudi nyumbani mboga zenyewe haziniingii.

Nakuwekea mbegu za nakati, bora tulizovuna. Usizitupe kwa hasira juu yangu, mbegu hazijakosa.

Dada yako,
Mama Darlène


Luzira
12 Julai 2015

Florence dada,

Pole kwa yote. Najua Anena ameshakueleza, lakini acha uyasikie na kwangu.

Alifika Jumatatu, amehitimu, kofia imemzidi kichwa. Tulipiga vigelegele, Benedicte akamrushia maua ya maharage. Akaenda moja kwa moja kwa afande kuomba funguo. Mimi nilikuwa nyuma yake. Afande akamwambia, "Nyumba ni ya askari anayefanya kazi hapa. Wewe umepangiwa mbali, Kotido." Nikasema, "Afande, si wewe uliyeniambia itabaki kwa familia?" Akajibu, "Nilisema inaweza. Kama angepangiwa hapa."

Sikuuliza, dada! Mwaka mzima sikuuliza atapangiwa wapi. Nilisikia neno nyumba nikakimbia nalo.

Anena hakulia. Alitembea kwenye vitalu, akakinga maji ya bomba kwa mkono, akanawa uso. Nikamwambia aache, aombe kurudi shule. Akasema, "Mama, nimekwisha kula kiapo." Jioni lori likamchukua.

Nyumba amepewa Sajini Erinayo. Siku ya pili tu ameung'oa mfereji, hataki kelele za wanawake nyuma ya dirisha lake. Maji yaliyobaki tangini ni ya wiki chache. Wengine wameanza kung'oa mboga zikiwa changa, wauze kabla hazijakauka. Sola na pampu vipo, havina cha kusukuma. Tumekubaliana vije kwako. Mpe Kaltumi jibu, tuvifunge.

Mama Darlène


Kitgum
9 Agosti 2015

Séraphine,

Saverio anaandika. Mimi sina salamu.

Pampu uzeni, mgawane. Sola usinitumie mimi. Kituo alichopelekwa Anena kiko porini, hakina umeme. Simu anaichaji sokoni siku ya mnada, akipata ruhusa, na soko liko mbali. Tangu apite Kampala sijasikia sauti yake. Kila Jumapili napanda kilima chenye mtandao, nakaa na simu mapajani mpaka jua linazama. Mpelekee sola hiyo, apate kunipigia.

Ukishaituma, usiniandikie tena.

Mama Anena


Luzira
23 Agosti 2015

Mama Anena,

Ulisema nisiandike. Hii ni ya kukujulisha tu.

Sola tumeishusha leo. Benedicte alishika ngazi, mimi nikafungua nati. Tumeifunga kwa magodoro mawili, maana barabara ile ina mashimo. Dereva anayepeleka unga Kotido ameapa kuikabidhi mikononi mwa Anena. Kamba na waya vimo ndani, na karatasi ya Darlène inayoonyesha jinsi ya kuunga simu. Shamba tumeliacha. Benedicte amepata kibarua cha kufua nguo mtaani Nakasero. Mimi bado natafuta.

Akipiga, usijisumbue kuniandikia. Asipopiga, niandikie hata neno moja, nami nitakwenda Kotido mwenyewe kumtafuta. Kila Kaltumi atakaporudi kutoka huko nitamuuliza kama ana barua yako. Namwomba Mungu kila mara aseme hana.

Dada yako, ukikubali,
Séraphine