Anayekaa Nyuma ya Darasa

Jumatatu, 14 Julai
Zamu yangu tena. Nimesimama getini tangu asubuhi, spika za wauza viatu zishaanza kelele mtaa wa pili. Tangu nirudi, walimu wenzangu wananiita Mjapani. Nacheka nao. Inaniudhi.

Leo kwenye kikao mwalimu mkuu amenipa nafasi niwaeleze nilichojifunza kule Japani. Mwalimu mmoja anafundisha, wenzake wanakaa nyuma na kuwatazama watoto, si mwalimu. Baadaye wanazungumza. Nikauliza nani aanze, wakainamia madaftari. Hapa kwetu anayekaa nyuma na kalamu ni mkaguzi, na mkaguzi hajawahi kuja kwa heri.

Kisha Bi Zuhura wa darasa la kwanza akasema, "Njooni kwangu." Alifanya hivyo kwa ajili yangu. Ndiye aliyenipokea nilipotoka chuo, na nilipokuwa safarini ndiye aliyebeba darasa langu pamoja na lake.

Alhamisi, 17 Julai
Mkuu alimwalika afisa elimu wa kata. Nilifurahi, sifichi.

Bi Zuhura alifundisha silabi, darasa zima likiitikia. Nikamwona Shabani: mdomo unacheza, macho yako dirishani. Hajui hata herufi moja. Kwenye mazungumzo nikasema hivyo hivyo, nikamtaja kwa jina. Nikaongeza kwamba kuitikia pamoja kunawaficha wasiojua. Kule hakuna aliyenuna kwa maneno kama hayo.

Afisa akaandika. Bi Zuhura alivua miwani, akaitia mkobani. 

Ijumaa, 18 Julai
Shikamoo yangu imepata marahaba kavu. Chai amenywea darasani kwake, peke yake.

Jumatatu, 21 Julai
Ameomba aondolewe darasa la kwanza. Anataka stoo ya vitabu mpaka astaafu. Miaka yote ile ya kufundisha watu kusoma, aishie kufuta vumbi. Mimi ndiye sababu.

"Dada, umetuletea ukaguzi kutoka Japani," Mwalimu Massawe ameniambia. Alikuwa anatania, lakini si sana.

Nimemfuata Bi Zuhura stoo, nikamwomba radhi. Ameendelea kupanga vitabu. "Umenisema mbele ya afisa, Anna. Na mtoto wa watu umemtaja."

Basi. Nimetoka.

Jumanne, 22 Julai
Sijala vizuri. Nimekumbuka kitu nilichokiruka. Kule, aliyetuita ndiye aliyefundisha kwanza, sisi tukamtazama yeye. Mimi nimeanza na mlango wa mwenzangu.

Nimemwambia mkuu keshokutwa wote waje kwangu, darasa la tatu. Afisa pia. Bi Zuhura nimemwalika mimi mwenyewe. Ameendelea kuhesabu vitabu.

Alhamisi, 24 Julai
Bi Zuhura alikuja nikiwa nimeshaanza. Watoto wakasimama kumwamkia, akawaambia wakae. Akaketi dawati la mwisho, karibu na Rehema.

 Nilichagua vidole vilevile vinavyonyooshwa kila siku. Rehema hakufungua kitabu kipindi kizima. Mimi nimeligundua hilo mwishoni, nilipoona Bi Zuhura anamtazama.

Ofisini mkuu akamuuliza Bi Zuhura ameona nini. Afisa tayari ana kalamu mkononi. Nilijikaza nisubiri. Nilistahili.

"Watoto wamesoma," akasema. Akakaa.

Wengine walipotawanyika alinikuta barazani. Alisema kwa sauti ya chini. "Rehema haoni ubao. Mwite mama yake."  Nilitaka kulia, nikaona aibu kulia mbele ya wanafunzi.

Ijumaa, 25 Julai
Mama Rehema amefunga meza yake ya mitumba, amekuja. Tumeongea mimi na yeye tu. Kesho anampeleka mtoto kupimwa macho. Rehema nimemhamishia dawati la mbele.

Mkuu anasema Bi Zuhura amefuta ombi lake. Mwenyewe hajaniambia chochote. Chai tumekunywa meza moja, tukazungumza bei ya nazi.

Jumatatu, 28 Julai
Mvua kidogo asubuhi, uwanja umelowa.

Nilikuwa napeleka chaki. Nikapita nje ya darasa la kwanza, watoto wanaitikia silabi. Wakanyamaza. Ikabaki sauti moja, ya mtoto wa kiume, pengine Shabani, inakwama, inaanza upya. Bi Zuhura hakumsaidia. Alimsubiri, na darasa zima likasubiri naye, mpaka neno likaisha.

Sikuchungulia. Nilikwenda zangu darasani.