Jina la Dada Mwajuma

Tallinn

Mama yangu,

Shikamoo. Naamini goti limepoa na cherehani inazunguka kama kawaida. Huku tu wazima, ila baridi inatutafuna masikio. Mke mwenzio, huyu mjukuu wako, ananyonya mpaka mke wangu Saida ameshika kichwa.

Najua umenuna. Siku ya saba imepita na bado tunamwita "Mgeni". Ulitaka apewe jina la marehemu dada Mwajuma, nami nikakaa kimya. Niliogopa, Mama. Nilidhani tukimwita mtoto Mwajuma kutwa kucha, dada atafunikwa, na mwisho tutamsahau.

Sasa sikia yaliyonikuta kazini. Kwenye programu za kompyuta tunaandika kitu kinaitwa klasi. Ni kama zile karatasi zako za kukatia magauni: haivaliwi, ila nguo zinatokana nayo. Kila klasi tunaisajili kwa jina. Baadaye programu ikiwa kazini inalitaja jina tu, na klasi inaitika, hata kama aliyeiandika hatujawahi kuonana naye. Miaka yote hii, bado mwili unanisisimka. Neno moja tu, na kitu kinaamka!

Basi, ilikuwepo klasi ya kuorodhesha mizigo ya wateja, iliyoandikwa na mzee mmoja aliyestaafu. Nilipoandika mpya nikaipa jina lilelile, kwa heshima, kama tunavyorithisha majina huko kwetu. Asubuhi mizigo yote ya zamani haionekani kwenye kompyuta! Mkuu wangu akaniuliza, "Umesajili jina juu ya jina?" Kumbe mashine haijui kurithishana majina. Wa pili akiingia, wa kwanza haitwi tena. Nikaipa yangu jina jingine, na ile ya mzee ikaitika palepale.

Nilirudi nyumbani roho juu, maana hicho ndicho nilichokuwa nakiogopa. Nikainama kwenye kitanda cha mtoto, nikajaribu polepole: "Mwajuma." Akageuka, akanitazama. Na papo hapo nikamwona dada uani kwetu, mikono imejaa unga, ananiambia, "Nini tena, wewe?" Wote wawili, kwa pamoja! Nililia mpaka Saida akaja mbio. Mama, sijaona mashine yenye uwezo huo.

Nisalimie baba mdogo, seremala wetu. Shangazi wa Bukene mwambie aache kususa kwa ajili ya jina, aje Tabora mchinje mbuzi.

Nakuombea afya njema, mimi mwanao,

Ramadhani,
Baba Mwajuma