Nyekundu Yenye Haikuwa mu Kitabu

Mujukuu wangu Bahati,

Jambo kwako huko Kindu. Huku Kasongo tuko wazima. Shangazi yako alipeleka muchele Salamabila na pikipiki, akarudi na goti la kuvimba. Anacheka tu.

Unaniuliza kama ni vibaya kujaribu kitu chenye mwalimu wako wa ordinatere, ile kompyuta, anasema hakiko. Nikiwa kijana nilikuwa daktilo, nikipiga barua kwa mashini mu biro, ile ofisi ya kilimo. Tulikuwa na ordinatere moja ya zamani. Kitabu chake kilisema inaonyesha rangi ine tu: nyeusi, nyeupe, buluu ya mbingu na roze, ile rangi ya waridi. Mimi nilichoka na ile roze. Kila siku, shefu wa biro akienda kula, niliandikia mashini namba moja ya kuita rangi, namba yenye kitabu hakikutaja. Nyingi hazikufanya kitu. Moja ilizima kioo cha mashini, nikaiwasha tena mbio.

Siku moja mistari yote ya roze mu karte, ile ramani ya mashamba kwa kioo, ikawa nyekundu kama mafuta ya mawese. Shefu akaingia.

"Mama Feza, umeharibu mashini!"

"Hapana, shefu. Hii rangi ilikuwa ndani yake."

"Haiko mu kitabu."

"Iko mbele yako."

Akaniamuru nirudishe roze. Nikairudisha, lakini namba yangu niliiandika na kreyo, kalamu ya risasi, kwa ukurasa wa mwisho wa kitabu.

Biro ilipofungwa, walinipatia kile kitabu. Ukikuja likizo utakiona. Chini ya namba yangu kuna zingine tano, kwa mwandiko wa shefu.

Nkambo wako,
Mama Feza