Wamesema Moyo Wangu Mzima

Jumatano jioni

Moyo mzima. Ndivyo alivyosema daktari, na badala ya kufurahi nimekaa kitandani nashindwa kujielewa.

Alinipaka jeli ya baridi kifuani, akanilaza ubavu wa kushoto, akaangalia skrini muda mrefu. "Valvu ziko sawa, damu inasukumwa vizuri." Nikamuuliza, mbona tangu niugue korona nikipanda ngazi za ofisini nakaa chini katikati? Akasema anaona wengi kama mimi, picha nzuri na bado wanachoka. Kwa nini, hajui. Angalau hakusema ni mawazo tu.

Nyumbani nikamkuta mama mkwe, amekuja kutoka Ihumwa kusubiri majibu. Nikamwamkia, na zile salamu zake ndefu za watoto, shamba na mifugo zikanimaliza pumzi kabla hatujafika kwenye mbuzi. Nikamwambia moyo ni mzima. Akapiga vigelegele.

"Mungu mkubwa. Basi Yona naye apumzike, kuchota maji peke yake tangu uugue kumempinda mgongo."

Yona, mume wangu, alitabasamu kidogo tu.

Naona aibu kuandika hili. Pale kwenye kipimo nilikuwa naomba waone kitu. Hata kidogo tu, ili…

Maji ya mgao yameanza kutoka. Nimesikia Yona akitua dumu, nikachungulia. Ni tupu, na badala ya kwenda kulijaza ameliacha mlangoni mwa chumba nilichomo.