Maji Yaliyoizima Kaluvu Yangu

Machakos, Jumapili jioni. Baridi kiasi, wingu limekalia vilima vya Iveti.

Leo wakwe wa Kangundo wamekunywa kaluvu yangu na kuomba waongezwe. Naanza na hilo kwa sababu ndiyo habari yenyewe. Mengine ni maelezo.

Kaluvu ni pombe yetu ya asali. Kijana akipeleka mbuzi wa ntheo, wale wanaofunga uchumba kimila, pombe huandamana nao, na kwetu hutoka kwa baba yake. Mwanangu Mutinda alikuwa ananitegemea. Nami nilikuwa nimeharibu mitungi miwili mfululizo. Asali ilikaa mle pamoja na miatine, yale matunda makavu ya kuchachusha, bila kutoa hata povu. Nilichopata ni maji matamu yenye harufu ya zahanati.

Kaka yangu Nzioka alionja, akatema kwenye maua.

"Mkono wako ni wa kalamu," akasema. "Nunua ya mtu, useme ni yako. Nani atajua?"

Mimi ningejua.

Kila jirani alikuwa na cha kulaumu: asali, miatine, jicho la mtu. Kazini nimezoea kwamba jambo likisemwa na wengi bado halijathibitishwa. Asali nilishuhudia ikirinwa Mitaboni. Miatine yale yale yalimchachushia Nzioka vizuri. Kilichobaki ni maji.

Nikayapeleka maabara mjini, ndani ya chupa ya juisi. Mpimaji, mama mmoja mwenye miwani, aliinusa akanirudishia.

"Mzee, hapa nipime maji ama maembe?"

Alinipa chupa zake safi, akauliza maji yangu yanatoka wapi. Kwa tangi, nikamjibu. Na tangi linajazwa na nini? Nikamweleza: kisima; kisima kikipungua, bauza, lile lori la kuuza maji; mvua ikinyesha, paa. Yote humo humo. Huku kwetu maji yakija yanapokelewa, hayaulizwi kwao ni wapi.

Yeye akataka kuuliza. Kila maji yaje peke yake, kabla hayajaingia tangini, na ya tangi pia.

Majibu yalikuwa mafupi. Kisima kina chumvi, ila si ya kuzuia pombe. Maji ya paa hayana tatizo. Ya bauza yana klorini nyingi kupita kiasi, na tangi limeirithi. Mwenye bauza hutia dawa ili watu wasiugue, na simlaumu. Lakini dawa inayoua vijidudu vya kuhara haiviachi vile vinavyochachusha pombe.

Nikakinga maji ya paa na kuanza upya. Asubuhi ya pili mtungi ulikuwa unanguruma. Nilisimama kando yake muda mrefu, bila kazi yoyote, nikisikiliza.

Leo baba wa msichana, mzee asiyecheka ovyo, alipokea kata, akanywa, akaichungulia ndani. Mutinda aliacha kutafuna. Nakiri kwamba nami sikuwa natafuna.

"Muthoni," mzee akaniita, kama wakwe wanavyoitana, "hii umenunua kwa nani?"

"Sijanunua. Nimepika mwenyewe."

"Basi leta ingine. Hawa wenzangu wanaangalia tu."

Mbuzi wakapokelewa.

Tulipokuwa tunaondoka, Nzioka alifungua buti ya gari lake. Mlikuwa na mtungi wa kaluvu ya kununua, umefunikwa kwa gunia, wa kuniokoa nikiaibika. Haukuwa umefunguliwa.

"Sasa hii nitampelekea nani?" akauliza.

Nikamwambia anywe mwenyewe, asitemee maua ya watu.

Kesho naagiza tangi la pili, la maji ya paa peke yake. Nzioka ameshauliza kama ataruhusiwa kuchota.