Maji Aliyolinyima Koo Lake

Jibondo, Jumatano. Upepo umekufa tangu asubuhi na mashua ya maji haijaonekana.

Nimechoka. Mikono inanuka shaba na ndimu, mgongo unaniuma, lakini acha niandike kabla magharibi haijaingia.

Leo mume wangu Faki ameletwa nyumbani amebebwa.

Jirani yetu Makame alimkuta nje ya miamba, ngalawa inaelea ovyo na yeye amelala ndani, midomo imepasuka. Nilidhani amekufa. Nilisimama mlangoni na mwiko mkononi, nisijue pa kuuweka.

"Yu hai, shemeji," Makame akasema. "Ni kiu. Mpe maji kidogo kidogo, asije akatapika."

Kiu! Kila alfajiri namjazia kibuyu mimi mwenyewe. Hapa kisiwani kwetu maji ya kunywa huletwa kwa mashua, kila mtu nyumbani ana fungu lake, na la Faki ndilo kubwa kwa sababu ya jua la baharini.

Alipoweza kukaa nikamuuliza maji yamekwenda wapi. Aliitazama roda yake.

Roda hiyo ni gurudumu la shaba la kukunjia mshipi, lina mkono wa kuzungushia. Aliachiwa na Mzungu mmoja aliyekuwa akivua kwa kujifurahisha, ambaye Faki alikuwa akimpeleka kisiwa cha Shungimbili. Mtu mwingine angeifanya pambo. Lakini Faki tezo ilimkata mkono wa kulia akichonga jahazi, vidole havikunjiki tena, hawezi kuvuta mshipi kama wenzake. Roda anaizungusha kwa kiganja. Kabla hajaipata alikaa nyumbani muda mrefu, akiinamisha macho kila nilipotoka shamba.

Tatizo ni chumvi. Inaila. Shaba inaota kijani, chuma cha katikati kinakaza, na samaki mkubwa akivuta, roda haizunguki, mshipi unakatika.

"Yule Mzungu alisema ioshwe kwa maji matamu kila nikimaliza kuvua," akasema hatimaye.

"Ukaiosha kwa maji yako ya kunywa?"

"Ningekuomba yapi, Mama Mize? Ya watoto?"

Nilitoka uani, nikalia kidogo, nikanawa uso kwa maji ya bahari, nikarudi.

Nikamwambia anipe.

Akanionyesha parafujo za kufungua. Ndani kulikuwa na tope tupu: mafuta ya nazi aliyokuwa akiyamimina bila kipimo yalikuwa yamegandamana na mchanga. Huko ndiko ilikokuwa ikikwama, wala si kwa chumvi peke yake. Nilikwangua kwa kijiti. Kijani nikakisugua kwa ndimu na majivu, kisha nikapangusa kila kipande kwa kitambaa nilichokichovya katika kikombe cha maji matamu, nikakausha kwa kaniki kuukuu. Mafuta safari hii nilipaka kwa unyoya wa kuku, tone hapa, tone pale.

Alipoizungusha ilikwenda yenyewe, kimya, ikachelewa kusimama. Faki akacheka mpaka midomo ikatoka damu.

Kikombe kimoja tu. Yeye alikuwa akiimwagia karibu kibuyu kizima.

Sijamsamehe bado. Hivi mtu huona haya kuomba maji nyumbani kwake mwenyewe? Nimelala ubavuni mwake miaka yote hii, nikijua anaumwa mkono tu. Kumbe kinachomuuma zaidi ni kuwa mzigo kwetu, na hilo hakulisema hata siku moja. Nami sikuuliza.

Anataka kutoka tena keshokutwa. Nimemwambia sawa, ila tutatoka sote, mimi nitakaa ngalawani pamoja naye.

"Watu watacheka," akasema.

Wacheke. Nitakaa mbele yake uso kwa uso, na sitaondoa macho mpaka nione koo lake linameza.